Wanafizikia wananiita mwanabiolojia, wanabiolojia wananiita fundi mitambo

BARUA

Ndugu Mshauri,

Baada ya salamu, naomba uniwie radhi kwa urefu wa barua hii. Nimeiandika mara tatu, na kila nilipoifupisha niliona nimelificha jambo lenyewe.

Mimi ni mhadhiri wa biofizikia katika chuo kikuu, na nimo katika mwaka wa tano wa mkataba wa majaribio. Baada ya miezi 14 kamati itakaa kuamua ama nithibitishwe kazini na kupandishwa cheo, ama mkataba wangu uishie hapo. Shahada zangu zote tatu ni za fizikia. Kwenye uzamivu nilijifunza kutumia kibano cha mwanga, yaani mwale wa leza unaokusanywa na lenzi hadi ukaweza kukishika kishanga kilicho kidogo kuliko seli. Kwa kukivuta kishanga hicho tulipima nguvu ya molekuli moja moja ya kinesini, protini inayotembea juu ya nyuzi za ndani ya seli ikiwa imebeba mizigo. Baadaye nilikaa miaka 2 katika maabara ya wanabiolojia, ambako, mtu mzima mwenye uzamivu, nilianza upya kufundishwa kushika pipeti na kutenganisha protini bila kuiharibu, kisha miaka 3 katika maabara nyingine ya fizikia.

Ajira yangu ni ya pamoja kati ya Idara ya Fizikia na Idara ya Biolojia, na wakati ninaipata niliona ni heshima. Nilipewa pia fedha za kuanzia na chumba kilichopo ghorofa ya tatu, jirani na lifti. Miaka 2 ya mwanzo iliishia kwenye kujenga mtambo: kupanga vioo na lenzi juu ya meza ya kuzuia mtetemo, kuandika programu ya kusoma mwendo wa kishanga, na kupambana na ile lifti, ambayo kwa kipimo cha nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) kila safari yake ni tetemeko la ardhi. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nilipima usiku tu, watu wakishaondoka jengoni.

Mtambo ulipotengemaa, habari zilienea. Mwenzangu mmoja alileta protini yake akaomba tumpimie; tukampimia, ikatoka makala nzuri, jina langu likawekwa katikati. Akafuata wa pili, na wa tatu. Leo mtambo unafanya kazi za watu wengine siku 4 kwa wiki, na wanafunzi wangu 2 wa uzamivu wanatumia muda wao mwingi kuusimamia. Nina makala 19: katika 4 mimi ni mwandishi wa kwanza, zote za kabla sijaajiriwa hapa, katika 12 niko katikati, na katika 3 tu jina langu liko mwisho kama mwenye maabara.

Katika tathmini ya mwaka wa tatu, mjumbe kutoka fizikia aliuliza, "Hapa sheria mpya iko wapi? Mimi naona vipimo vya protini." Mjumbe kutoka biolojia naye akauliza, "Haya yanatokea ndani ya seli iliyo hai, au ndani ya kioo chako tu?" Niliwajibu wote wawili na sikumridhisha hata mmoja. Ripoti ilisema nionyeshe "mwelekeo unaojitegemea", bila kueleza ni upi.

Mwezi uliopita Profesa mmoja mwandamizi wa biolojia, ambaye makala 5 kati ya zile 12 zinatoka katika maabara yake, aliniita akanieleza kwamba chuo kinaanzisha kituo cha pamoja cha hadubini na mitambo ya upimaji, na kwamba angependa niwe mkuu wake. Ni ajira ya kudumu, mshahara haupungui sana, na hakuna kamati ya kuhesabu makala. Aliniambia kwa upole kabisa, "Kipaji chako ni mitambo, usijitese." Mwenzi wangu naye anaona nikubali, kwa sababu amechoka kuniona nikirudi alfajiri.

(Swali langu mwenyewe, kama linafaa kutajwa, ni namna molekuli zinazouvuta mzigo mmoja kwa pande mbili zinazopingana zinavyoamua mzigo uende wapi, lakini limekwenda polepole na sina hakika kama litatoa makala kabla ya kamati kukaa.)

Naomba ushauri wako: nikubali kituo, nihamie biolojia moja kwa moja ili nihukumiwe na watu wa aina moja, au niliweke kando swali langu nitafute makala za haraka katika miezi hii 14?

Ni mimi,
Mhadhiri wa Idara Mbili

JIBU

Ndugu Mhadhiri wa Idara Mbili,

Kabla ya kukujibu nimeirudia barua yako nikihesabu. Mtambo umeupa aya mbili nzima, na lifti ikapata nafasi ya heshima ndani yake. Swali lako la kisayansi umelipa sentensi moja, tena ndani ya mabano, tena ukilitanguliza kwa maneno "kama linafaa kutajwa". Ikiwa ndivyo ulivyoniandikia mimi, ambaye sina kura yoyote juu ya maisha yako, sina shaka kwamba faili uliloliwasilisha katika mwaka wa tatu lilikuwa hivyo hivyo, na kwamba wajumbe wale wawili, kila mmoja kwa lugha yake, walikuwa wanakuuliza jambo moja: wewe hasa unatafuta kujua nini?

Wewe umelitambua tatizo lako kuwa ni idara mbili. Kwangu mimi idara mbili ni usumbufu, na nitarudi kwake, lakini tatizo ni kwamba unajulikana kwa kifaa na hujulikani kwa swali. Mtaalamu wa mimea akizembea kidogo kulieleza swali lake, idara yake bado itamtambulisha. Mwanabiofizikia hana kinga hiyo. Amekaa mahali ambapo kila upande una sababu ya kumwona mgeni, na kitu pekee anachoweza kukibeba kutoka upande mmoja hadi mwingine kikabaki kile kile ni swali.

Mtazame Venkatraman Ramakrishnan. Alipata uzamivu wa fizikia mwaka 1976, akaona hataki kuendelea nayo, akarudi darasani kama mwanafunzi wa biolojia kwa miaka 2. Akiwa mtafiti wa baada ya uzamivu alianza kuichunguza ribosomu, kiwanda kinachounda protini ndani ya seli, kwa kutumia mtawanyiko wa nyutroni, yaani kuirushia chembe hizo na kusoma zinavyotawanyika. Aliomba ajira katika vyuo vikuu vipatavyo 50 vya Marekani bila mafanikio, akaenda kufanya kazi katika maabara za taifa. Alipoona kwamba nyutroni hazitamfikisha anakotaka, alijifunza upya, safari hii njia ya kupiga eksirei kwenye fuwele, na mwaka 2000 maabara yake ikatoa umbo la sehemu ndogo ya ribosomu kwa undani wa atomu. Tuzo ya Nobel ya kemia ilifuata mwaka 2009, akiigawana na Thomas Steitz na Ada Yonath. Nimekusimulia haya kwa sababu ya kile kilichobadilika na kile ambacho hakikubadilika. Kifaa kilibadilika, mwajiri alibadilika, hata nchi ilibadilika, kwani kazi ile aliikamilisha Cambridge, Uingereza. Ribosomu ilibaki. Roderick MacKinnon naye alisomea udaktari wa binadamu, akaingia katika utafiti wa milango ya potasiamu kwenye utando wa seli kwa kupima mikondo ya umeme, kisha akiwa na umri wa miaka 40 hivi akaanza kujifunza kazi ya fuwele kwa sababu umeme peke yake haungeweza kumwonyesha mlango ulivyo. Umbo la mlango huo alilitoa mwaka 1998, na mwaka 2003 akapata Nobel.

Utaniambia wapo waliopata heshima kwa mitambo. Wapo. Arthur Ashkin, ambaye kibano chako cha mwanga ni mtoto wake wa mwaka 1986, alipewa Nobel ya fizikia mwaka 2018 akiwa na miaka 96. Lakini Ashkin alikuwa anaulizia mwanga wenyewe, unaweza kusukuma nini na kushika nini. Kwake kibano kilikuwa jibu. Erwin Neher na Bert Sakmann waliivumbua njia ya kupima umeme wa mlango mmoja wa seli, wakaitangaza mwaka 1976, na njia hiyo ikaenea duniani kote, lakini waliitafuta kwa sababu walitaka kujua kama mkondo ule hupita katika milango inayofunguka na kufunga mmoja mmoja. Wewe hukuvumbua kibano. Umejenga kizuri, na kujenga kizuri ni kazi ya jasho ninayoiheshimu, lakini tayari kampuni zinauza vinavyofanana nacho, na yeyote mwenye bajeti anaweza kuwa nacho.

Sasa niseme jambo linaloweza kukuuma. Barua yako ina harufu ya malalamiko kwamba wenzako wamekutumia, na sidhani kwamba ni haki kabisa. Hukuibiwa, uligawa. Uligawa siku 4 kati ya 5 za mtambo kwa sababu kila mgeni alikuletea uhakika wa makala, ilhali swali lako lilikuletea wasiwasi. Naielewa hali hiyo. Nimekaa katika kamati za upandishaji vyeo, na nimeona jinsi wahadhiri vijana wanavyokimbilia kazi za wengine kama mtu anayelipa deni dogo dogo kila siku asije akalifikiria deni kubwa.

Kwa hiyo kwa swali lako la tatu jibu langu ni hapana, usiliweke kando. Makala 3 zaidi za kukaa katikati hazitaibadilisha hukumu hata kidogo, zitaithibitisha. Lakini pia sitakudanganya kwa methali ya mvumilivu kula mbivu. Max Perutz alianza kuchunguza himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, mwaka 1937 na umbo lake akalipata mwaka 1959, miaka 22, na hadithi hiyo hupendwa sana katika hotuba za mahafali. Anayeisimulia husahau kutaja kwamba Perutz alikuwa na mkuu wa maabara, Lawrence Bragg, aliyemkingia kifua kwa miaka mingi, na kwamba kuanzia mwaka 1947 alikuwa na kitengo kilichogharimiwa na baraza la utafiti wa tiba la Uingereza. Aliyevumilia alikuwa na aliyemshikia mwavuli. Wewe una miezi 14 na mwavuli huna, kwa hiyo lazima swali lako ulikate kipande kinachoweza kuiva ndani ya muda huo.

Kipande hicho kinaonekana hata kwa mtu wa nje kama mimi. Umesema unataka kujua jinsi molekuli zinazovuta pande mbili zinavyoamua mzigo uende wapi. Ni mchezo wa kuvuta kamba ndani ya seli, na hakuna mjumbe wa kamati atakayeshindwa kuuelewa ukimweleza hivyo. Usijaribu kuumaliza. Chukua hali moja, kwa mfano molekuli moja dhidi ya moja, na upime jambo moja: ni ipi inaachia kwanza, na kwa nguvu kiasi gani. Wanafunzi wako 2 wapewe kazi hii kuanzia sasa, na mtambo urudi mikononi mwenu kwa siku 3 kwa wiki angalau.

Kisha yarudie maswali ya wale wajumbe wawili, maana yote mawili yalikuwa halali, na nadhani uliyajibu kama mtu anayejitetea badala ya kuyachukua kama kazi. Yule wa fizikia alitaka sheria. Katika fani yako sheria mara nyingi huja kwa sura ya hesabu inayobana. Tangu mwaka 1993 inajulikana kwamba kinesini hutembea kwa hatua za nanomita 8, na husimama inapovutwa nyuma kwa nguvu ya pikonewtoni 6 hivi (pikonewtoni ni kipimo cha nguvu ndogo mno). Zidisha, unapata kazi ya takriban pikonewtoni-nanomita 48, wakati mtikisiko wa joto la kawaida una nishati ya 4 tu kwa vipimo hivyo hivyo, na molekuli moja ya ATP, chakula cha nishati cha seli, inayoliwa kwa kila hatua huleta kama 80. Yaani kijimashine hiki, kikiwa ndani ya maji yanayokipiga kila upande bila kukoma, hugeuza zaidi ya nusu ya chakula chake kuwa kazi. Mwanafizikia yeyote akiziona namba hizo atakaa vizuri kwenye kiti. Mwonyeshe kwamba kuvuta kamba kunaweza kutabiriwa kutokana na namba za namna hii, au vizuri zaidi, kwamba hakuwezi, na ueleze kinachokosekana.

Yule wa biolojia alitaka seli iliyo hai. Hapa ndipo ushirikiano una maana. Kati ya wale uliowapimia protini miaka yote hii, yupo bila shaka mmoja anayeweza kukufuatilia mwendo wa mizigo ndani ya seli, akiipunguza molekuli ya upande mmoja kuona kama mzigo unaelemea ulikotabiri wewe. Safari hii yeye awe katikati. Jaribio moja la ndani ya seli, lililochaguliwa vizuri, lina uzito kuliko aya kumi za kujieleza.

Kuhusu majina katika makala, kamati inayochanganya fani mbili huyasoma vibaya na huwezi kuilaumu. Katika biolojia jina la mwisho ni la mwenye maabara na la kwanza ni la aliyefanya kazi. La katikati husomwa kuwa ni la msaidizi. Wanahisabati na baadhi ya wanafizikia, hasa wa nadharia, hupanga majina kwa alfabeti, kwa hiyo mjumbe wako wa fizikia huenda hata hajui kwamba nafasi ya jina ina maana. Zipitie makala 12 na uchague 3 ambazo bila uchambuzi wako hitimisho lisingekuwepo. Kwa kila moja andika aya fupi inayoeleza ulichofanya, na umwombe mwandishi mkuu athibitishe kwa barua. Siku hizi majarida mengi huchapisha maelezo ya mchango wa kila mwandishi, na hayo nayo yanukuu. Zile 9 ziache zilivyo, maana hakuna faida ya kupigania kilichokwisha. Kwa zinazokuja, makubaliano ya majina yafanyike kabla protini haijaingia chumbani mwako.

Nigeukie sasa idara. Usihamie biolojia kabla ya uamuzi, hata kama utakaribishwa kwa mikono miwili. Idara mpya itakuwa na kisingizio cha kweli kwamba haijakufahamu vya kutosha, orodha ya watathmini wa nje itabadilishwa, na utaonekana kama mtu anayekimbia hukumu ya kwanza. Badala yake itafute barua yako ya ajira na usome ni idara ipi yenye sauti ya mwisho, ama kila moja ina kura yake. Ajira za pamoja huandikwa kwa furaha na kusahaulika kwa urahisi, na nimeona watu wakigundua mwezi wa mwisho kwamba kila idara ilidhani nyingine ndiyo inayomtathmini. Waandikie wakuu wa idara wote wawili barua moja, kila mmoja akiona jina la mwenzake, uombe vigezo vya tathmini kwa maandishi, vilivyosainiwa na wote wawili, na maelezo ya maneno "mwelekeo unaojitegemea" yana maana gani kwa mtu wa ajira yako. Omba pia kwamba kamati iwe na mjumbe mmoja mwenye kufanya biofizikia, hata kama atatoka chuo kingine. Katika barua hiyo hiyo taja vikao na mizigo ya kufundisha ya kila idara, kwa sababu naamini unahudhuria vikao vya nyumba mbili na unasahihisha mitihani ya nyumba mbili, na hakuna aliyewahi kuijumlisha.

Watathmini wa nje ndio watakaokuinua au kukuangusha. Wajumbe wa ndani, wakishindwa kukuelewa, hushikilia barua hizo kama kipofu ashikavyo fimbo. Ukiruhusiwa kupendekeza majina, usipendekeze ulioandika nao. Pendekeza wale wanaoweza kuwaeleza wanafizikia umuhimu wa biolojia yako na wanabiolojia uzito wa fizikia yako. Ili wakufahamu, ni lazima wakusikie ukizungumzia kuvuta kamba, si kibano, kabla faili halijawafikia. Tuma muhtasari kwenye mikutano ya fani yako mwaka huu, na matokeo yakitulia yaweke wazi kama rasimu ya mtandaoni kabla ya jarida kuyapitia. Wanafizikia wamefanya hivyo kupitia arXiv tangu mwaka 1991 na wanabiolojia kupitia bioRxiv tangu mwaka 2013, kwa hiyo hakuna upande utakaoshangaa. Wapitiaji wa majarida wanaweza kukaa na makala yako miezi mingi, wakataka majaribio ya ziada, na hesabu yako ya miezi 14 ikavurugika. Rasimu yenye tarehe hukulinda, mradi vigezo vya chuo chako vinairuhusu.

Limebaki suala la kituo. Sitakubali lichukuliwe kama kushindwa. Mkuu mzuri wa kituo cha mitambo hutengeneza sayansi ya watu hamsini, hulala usiku, na wapo waliozaliwa kwa ajili hiyo. Swali ni kama wewe ni mmoja wao, na barua yako inaniambia kwamba hapana: mtu aliyeridhika na mitambo asingeandika ile sentensi ya mabano. Namsikiliza pia mwenzi wako, kwa sababu kuchoka kwake ni kwa kweli, lakini kinachowachosha nyote wawili ni lifti kuliko sayansi. Mtambo wa kupima molekuli moja unapaswa kuwa ghorofa ya chini kabisa, mbali na lifti na mashine za hewa, na kuomba hilo si kudeka. Liingize katika ile barua ya wakuu wa idara.

Kama hata hivyo utalegea na kulifikiria, pata kwanza majibu ya maandishi kwa mambo haya: kama mkuu wa kituo anaruhusiwa kusimamia wanafunzi wa uzamivu, kama anaweza kuomba ruzuku kwa jina lake, na ni saa ngapi za mitambo zitakuwa zake kisheria. Bila hayo, siku utakayosaini ndiyo siku ya mwisho ya kuvuta kamba. Wapo waliotoka na kurudi, najua. Eric Betzig aliacha utafiti katikati ya miaka ya 1990, akafanya kazi katika kampuni ya baba yake ya mashine za viwandani, akarudi, akajenga pamoja na Harald Hess, sebuleni kwa huyo Hess, hadubini iliyotangazwa mwaka 2006 na kumletea Nobel mwaka 2014. Lakini alirudi akiwa na swali kichwani, na hata hivyo kwa kila Betzig mmoja wapo wengi ambao hawakurudi na ambao hakuna anayeandika habari zao.

Profesa mwandamizi usimjibu kwa kinyongo; makala 5 za pamoja si jambo dogo na unaweza kumhitaji. Lakini lile neno lake la kipaji ulikatae waziwazi. Historia ya fani yako ina mfano mchungu wa mtu kufungwa ndani ya kifaa chake: Rosalind Franklin, ambaye alichunguza makaa ya mawe, DNA, kisha virusi hadi alipofariki mwaka 1958 akiwa na miaka 37, leo watu wengi wanamjua kwa picha moja ya eksirei ya DNA ya mwaka 1952, na hata picha hiyo aliyeipiga kwa mikono yake ni mwanafunzi wake, Raymond Gosling. Mwambie Profesa kwamba unashukuru, kwamba hutaweza kuchukua kituo mwaka huu, kwamba kuanzia mwezi ujao mtambo utapokea kazi za nje siku 2 kwa wiki, na kwamba ungependa maabara yake ikusaidie jaribio moja la ndani ya seli ambalo wewe ndiye utakayeliongoza. Akikubali la mwisho, umepata mshirika. Akikataa, utajua ile sifa ya kipaji ilikuwa ya nani.

Barua ya wakuu wa idara itangulie, ndipo umwendee.

Wako,
Mshauri